Uzi Ule Haukuwa Wangu

Bwalya mwanangu,

Umekwenda Kafutuma kumuaga shangazi yako, na mama yako amekusindikiza ili akusaidie kubeba karanga, maana shangazi hawezi kukuacha uondoke bila kukutwika kitu. Nyumba nimebaki nayo mimi na kuku. Nimechukua daftari lako la mwaka wa mwisho wa shule, nikachana kurasa za nyuma ambazo hukuziandika, nikajiambia: leo au basi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za vijana wa stendi ya Mansa. Mama yako ameshakuambia hayo tangu Jumapili, na mengine nilimsikia akikuambia ukiwa umelala. Mimi nina jambo moja tu, na lazima ulijue kabla hujapanda basi kesho. Nilikuambia kwamba unakwenda kwa Ba Kasonde, mama yule wa nyumba ya kufuma, badala yangu, kwa sababu mgongo wangu umechoka. Si kweli. Mgongo wangu ni mzima. Nimeinama juu ya meza hii fupi tangu saa tisa na hauniumi hata kidogo.

Nitakueleza taratibu, maana nikilisema haraka litaonekana dogo. Na ninaandika kwa Kiswahili kwa ajili yetu wawili. Kibemba ni cha mama yako, cha kanisa na cha majirani. Kiingereza umekipata shuleni. Kiswahili nilikuja nacho mimi kutoka ng'ambo ya ziwa, pamoja na suruali mbili, na katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyekipokea, ukiwa umekaa kibandani kwangu, tukishona nyavu na kuwasengenya wateja wasiokijua wakiwa wamesimama mbele yetu. Nitaandika cha shule pale ninapoweza na cha ziwa pale ninaposhindwa. Usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Mwanzo wake ni kofia. Najua umecheka tayari.

Ilikuwa mwaka juzi, miezi ile ziwa linapofungwa kwa uvuvi na kila mvuvi wa Kashikishi anageuka kuwa mwanasiasa. Binti wa shangazi yako akajifungua kabla ya siku zake, mtoto mdogo kama nusu mkate, na muuguzi wa kituo cha Kafutuma akasema atafutiwe kofia ya pamba, laini, ili kichwa kisipoteze joto. Wewe ulikuwa unajua kufuma, kwa zile spoku mbili za baiskeli nilizokunolea ncha. Ila uzi wa pamba ulikuwa haupatikani soko zima. Mkakaa mnalalamika, wewe na mama yako. Nami nikasema, na sauti ile bado ninaisikia, na bado inaniaibisha: "Uzi? Mnatafuta uzi wakati fundi wa uzi amekaa hapa?"

Unajua nilikotoa kiburi hicho. Babu yako alitufundisha kusokota tungali wadogo. Siku zile watu walipasua matairi ya malori, wakachomoa nyuzi zilizomo, wakazisokota upya juu ya paja kupata uzi wa wavu. Paja la kulia la babu yako halikuwa na unywele hata mmoja. Uzi wa wavu unausokota mpaka ukatae, halafu unausokota tena. Kisha unaung'ata na kuuvuta, na ukilia kama gitaa unajua samaki hatakuchekea. Nilijua kazi hiyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba nilijua hiyo tu.

Nikaenda nyuma ya jiko, kwenye mti wa pamba ambao mama yako huuchuma kupata tambi za kibatari. Nikatoa mbegu. Nikachonga kijiti, nikakipachika chini kile kidongo cha udongo tunachozamishia nyavu, nikakiachia kining'inie na kuzunguka. Pamba ikakatika. Nikaona haijasokotwa vya kutosha. Nikakaza. Ikakatika tena. Nikakaza zaidi, safari hii juu ya paja, kama babu yako. Siku nne, Bwalya! Nilipopata uzi wa kutosha nikaona ni mweupe mno, hautadumu, basi nikauloweka kwenye maji ya maganda ya mti, kama wazee walivyoloweka nyavu zisioze. Kisha nikautundika ukauke, na kwenye ncha yake nikafunga jiwe ili unyooke.

Wewe ukaufuma bila neno. Nilisikia zile spoku zikilia kama mlango mbovu, nikadhani ndiyo sauti ya uzi imara.

Muuguzi aliipokea kofia, akaigeuza huku na huku. Ukiiweka mezani ilisimama yenyewe. "Tata," akaniambia kwa heshima zote, "hii nikiifunga kamba, siwezi kuvulia dagaa wa chisense?" Mtoto alivikwa muda mfupi tu, kwa adabu, na kwa siku mbili alitembezwa akiwa na vimraba vya kahawia kwenye paji la uso. Mama yake hajanisamehe. Ukikutana naye tena utamsalimia kwa niaba yangu, ukiwa mbali kidogo.

Hapo ndipo Mama Kyungu alipoingia, na ninamshukuru Mungu kwa mashine ya boti yake iliyokufa. Alizoea kuvuka kutoka ng'ambo na chumvi na vitenge, anauza siku mbili, anarudi. Safari ile alikaa kwetu wiki tatu akingoja kipuri. Siku ya kwanza aliikuta kofia juu ya kabati, akaichukua, akaigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

"Nani alifanya ii?"

"Ni miye, Mama."

"Ni ya mutoto?"

"Ni ya mutoto."

"Huyu mutoto alikukosea nini?"

Mama yako alicheka mpaka akaenda kukaa nje. Wewe ulificha uso kwenye kitenge, lakini mabega yako niliyaona.

Kumbe Mama Kyungu alilelewa na bibi aliyesokota pamba kila siku ya maisha yake. Akaomba kijiti chembamba, akakata duara dogo kutoka kwenye soli ya ndapala chakavu, akalichomeka. Akaweka sahani ya bati chini, ncha ya kijiti ndani ya sahani, akakizungusha kwa vidole viwili kama anayeonja chumvi. Ule uzi ulitoka kwenye pamba kama maziwa yanavyotoka. Nikasema na mimi nipewe.

"Fungua mukono," akaniambia.

"Imefunguka."

"Tata, hiyo njo ngumi."

Nikafungua. Ndivyo nilivyodhani.

"Acha kijiti ikae ku sahani, izunguke yenyewe. Pamba iko na nywele mufupi, haiwezi kubeba muzigo ya mutu muzima. Na usiikaze! Ii uzi haiko ya kukamata samaki. Ni ya kufungia hewa ndani. Ukiikaza, hewa inatoka, baridi inaingia, mutoto analia. Vwala."

Tangu utoto wangu sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya uzi kuna kitu kingine zaidi ya uzi. Akanionyesha jinsi ya kuupima: unaulegeza kidogo, unauacha ujikunje. Ukijikunja taratibu mara moja au mbili, ni wa kufuma. Ukijinyonga kama mkia wa nguruwe, umeuonea. Wa kwangu ulijinyonga mpaka ukafunga fundo.

Nilidumu siku mbili. Siku ya tatu nikasema nina kazi kibandani. Kazi gani, na ziwa limefungwa? Nilikwenda nikakaa juu ya rundo la nyavu nikitazama maji, nikijihurumia, kwa sababu mikono ambayo kila mtu wa pwani hii anaisifu ilikuwa imeitwa ngumi na mwanamke muuza chumvi.

Wewe ulibaki. Hukujua lolote kuhusu kusokota, na hiyo ilikuwa bahati yako. Nimeliwaza sana jambo hili. Mimi nilikaa mbele ya sahani ile nikiwa na miaka thelathini ya uzi vidoleni, na miaka yote thelathini ilinizibia njia. Wewe, uzi ulipokatika ulisema "aa," ukaunga. Ukakatika, ukaunga. Mimi kila ulipokatika niliona nimetukanwa. Huko uendako watakuja wanafunzi wasiojua kitu, na hao watakuwa rahisi. Watakuja pia wanaojua mengi, mafundi cherehani, wasukaji wa mikeka, wamekaza mikono na uso. Wahurumie hao zaidi. Wape siku ya tatu. Mimi niliihitaji, nikaikimbia.

Siku ya sita nilipita uani nikijifanya natafuta nyundo. Ulikuwa umekaa na sahani yako, Mama Kyungu amesinzia pembeni, na uzi ulikuwa unatoka mkononi mwako mrefu, sawasawa, mweupe, bila wewe kuutazama. Ulikuwa unatazama bata. Nilisimama pale na nyundo mkononi, maana nilikuwa nimeipata, nikasahau nilichotaka kuipigia. Sikukuambia kitu. Ningekuambia siku ile, pengine haya mengine yote yasingetokea.

Mama Kyungu akavuka kurudi kwao. Wewe ukaendelea. Ukasokota nyuzi mbili mbili, ukaziunganisha kwa kuzungusha upande wa pili, ukazichemsha, ukazitundika kwenye kamba ya kibandani kwangu kwa sababu pale pana upepo mzuri. Bila jiwe. Wanaume wa kibandani wakapita wakizishika na kusema, "Shi Bwalya, siku hizi unafuga mawingu?" Nami nikacheka tu. Naona hapo ndipo nilipoanza.

Halafu kiangazi kikafika, na Ba Kasonde akaja kutoka Mansa kununua samaki wakavu, akaona uzi.

Siku hiyo unaikumbuka kuliko mimi. Ila hukusikia mwanzo wake, kwa hiyo nitakuandikia kama ulivyokuwa, bila kujipunguzia. Aliushika uzi, akausugua shavuni, akauliza: "Nani anasokota hivi?"

"Ni kazi ya hapa hapa, Mama."

"Hapa kwako?"

"Hapa kwangu."

"Umefanya kazi ya uzi miaka mingapi, Tata?"

"Thelathini, Mama. Na zaidi."

"Inaonekana," akasema. "Inaonekana kabisa."

Ona jinsi nilivyokuwa mwangalifu. Hamna neno la uongo hata moja pale. Yachukue moja moja uyaanike juani, yote ni ya kweli. Nimekuja kujifunza kwamba mtu anayechagua maneno yake kwa uangalifu wa namna ile ameshaanza kuiba.

Ndipo ukatokea na ndoo kichwani. Ukaitua, ukapiga goti, ukamsalimia. Akakuitikia vizuri, akakuambia, "Una bahati, binti. Itazame mikono ya baba yako, ujifunze." Wewe ukanitazama mimi. Mara moja tu, si kwa hasira. Kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Nilikuwa na nafasi, Bwalya. Nafasi ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Nikageuka nikatazama ziwa. Ukaitikia, "Eya mukwai," ukaingia ndani.

Kwa nini? Nimetafuta sababu nzuri ya kukuandikia, sijaipata. Niliyo nayo ni ndogo na mbaya: mimi nilikuwa mtu wa kofia. Miezi yote ile mtaa wote ulikuwa unanigonga kichwani kama unabisha hodi. Na sasa mwanamke mgeni, mwenye viatu vya ngozi, amesimama kibandani kwangu anasema "inaonekana," wenzangu wanasikia. Ilikuwa tamu. Nikaimeza.

Akaagiza uzi mwingine. Wewe ukausokota wote, hukukosa hata fungu moja, ukanikabidhi kwa mikono miwili. Nami nikaupeleka kwa kondakta wa basi nikiwa nimevaa shati la Jumapili, kana kwamba uzi ungenitambua. Kanisani wakaanza kuniita Fundi Pamba. Niliitika!

Baada ya pale ukaacha. Ukasema vidole vinakuuma. Nikakuambia pole, nikakununulia mafuta ya kuchua. Ulipiga goti ukayapokea, ukasema aksanti. Afadhali ungenirushia ile chupa. Mama yako alingoja mpaka umetoka, akasema, bila hata kuinua macho kwenye mboga alizokuwa akikata: "Shi Bwalya, vua hilo shati. Ni la mtoto, na linakubana." Nikatoka nje. Unaona nilivyo hodari wa kutoka nje.

Mwezi uliopita Ba Kasonde akapiga simu. Nyumba yake ya kufuma imepata wanawake kumi na wawili wanaotaka kujifunza kusokota, kwa hiyo Tata aje akae nao mwaka mmoja, chumba kipo. Nikasema nitafikiri. Na kweli nilifikiri, siku tatu, namna ya kuponyoka bila kuvuliwa nguo. Nikampigia: mgongo wangu mbovu, ila nina binti, nimemfundisha mwenyewe, nitamleta badala yangu. Nimemfundisha mwenyewe! Halafu nikakuita kibandani, nikakuambia maneno yale yale, nikakunja uso kidogo na kushika kiuno.

Ukasema, "Sawa, Tata." Ukafika mlangoni, ukageuka, ukasema: "Nitajitahidi wasione tofauti."

Bwalya, nimeaibishwa na watu wengi maishani, na wengine walinikusudia. Hakuna aliyewahi kufika pale ulipofika wewe bila kukusudia. Mtoto anakwenda kufanya kazi ya mikono yake mwenyewe, na hofu yake ni kwamba watagundua yeye si mimi.

Basi Alhamisi iliyopita nilipowaaga kwamba nakwenda Mansa kutafuta uzi wa nyavu, sikwenda kutafuta uzi wa nyavu. Nilirudi mikono mitupu na hakuna aliyeniuliza. Nadhani mama yako alinong'onezwa na moyo wake, maana alinikaangia samaki.

Niliingia kwa Ba Kasonde saa sita hivi. Wanawake wale walikuwa wamekaa mkekani, na kabla sijafungua kinywa akapaza sauti, "Huyu ndiye!" Wakapiga makofi ya kunikaribisha. Mmoja akaniwekea kijiti mkononi, mwingine akasogeza pamba. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Ikapotea. Nikasokota, kwa sababu kijiti kilikuwa mkononi na macho yalikuwa kumi na mawili mara mbili. Nikafungua mkono kama Mama Kyungu alivyosema. Ukabaki ngumi.

Kulikuwa na dada mmoja mnene aliyekaa mbele, ananyonyesha. Akavuta ule uzi wangu kwa kidole, ukalia kama gitaa. "Tata," akasema, "huu ni wa kufuma, au ni wa kumfungia mbuzi?"

Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na ndani ya kile kicheko nikapata njia. Nikasema: "Ni wa nyavu. Huo ndio ninaoujua mimi. Ule mlio nao humu ndani alisokota binti yangu, wote, tangu fungu la kwanza. Mimi sikumfundisha hata kuushika."

Ba Kasonde hakucheka tena. "Na siku ile nilipokuja?"

"Siku ile pia."

"Yeye alikuwapo?"

"Ni yule aliyekupigia goti, ametoka kuteka maji."

Nikamwona akikumbuka. "Nilimwambia aitazame mikono yako," akasema. Akainuka, akatoka uani, akakaa huko muda ambao mimi niliutumia kuhesabu vidole vyangu vya miguu. Aliporudi alisema: "Tata, kumbe na mimi nimemkosea mtoto huyu. Wewe umenifanya nimkosee." Kisha akauliza: "Anajua kwamba umekuja?"

"Hapana, Mama."

"Basi umwambie kabla hajafika hapa. Sitaki kuwa mimi wa kumwambia. Nami nataka aje, ninamtaka sana. Ila asiniingie mlangoni kama badala ya mtu."

Akaniuliza jina lako. Mwaka mzima alikuwa na uzi wako na hajui jina lako. Nikamtajia. Wale wanawake wakalirudia, mmoja mmoja, kama watu wanaoonja chakula. Kamba yangu waliibakiza kufungia magunia ya pamba. Yule dada alisema inafaa, na sifa hiyo niliistahili, nikaichukua.

Ninajua ungeuliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo. Nilijaribu. Jumamosi nilikufuata mpaka ziwani ulipokuwa ukifua, ukanigeukia ukaniuliza kama nimekula. Ujasiri wote ukaniishia, nikasema bado, ukaacha nguo ukaja kunisongea ugali. Nikala bukari ya watu wawili kwa sababu ya uoga. Jana nilijaribu tena nikaishia kukusifia viatu.

Na sasa, kwa kuwa nimeshajichuna vya kutosha, niache nikuchune na wewe kidogo. Una tabia ya kunyamaza. Sijui umeirithi wapi. Mama yako hajawahi kunyamaza, na mimi ninanyamaza pale tu ninapopaswa kusema. Siku ile ulipaswa kusema. Ningekasirika, ningekuita mtoto asiye na adabu, ningekaa siku mbili bila kukusemesha, halafu ningepona. Mtu akiushika uzi wako akauacha uitwe wake, hata kama mtu huyo ndiye aliyekulipia shule, sema. Piga goti ukitaka, shusha sauti ukitaka, lakini sema. Usinunuliwe mafuta ya kuchua.

Sikuombi unisamehe leo. Una safari, na kusamehe ni kazi, haifai kufanywa mtu akiwa na mizigo. Ninachokuomba ni uamini kila nilichoandika hapa, hasa kile ambacho sikukuambia siku ile ya nyundo: niliona. Nilisimama pale nikaona mtu anayeweza jambo ambalo mimi, baba yangu na baba yake hatukuliweza, na mtu huyo alikuwa binti yangu, na alikuwa anatazama bata. Nilifurahi kabla sijaona wivu. Kwa dakika nzima hivi nilifurahi tu. Furaha hiyo imerudi tangu Alhamisi, na safari hii imekuja yenyewe, haina mwenzake. Leo asubuhi nilijikuta napiga mluzi kibandani. Wenzangu wameniuliza kama nimekunywa. Nimewaambia mambo yote, vilevile nilivyokuandikia, kwa hiyo usishangae ukipita kesho na begi wakisimama kwa ajili yako. Mimi jina langu jipya siliandiki hapa; utalisikia njiani.

Barua hii sitaificha kwenye begi. Nitakupa mkononi kesho wakati wa chai, kisha nitakwenda nje kukagua paa la banda la kuku, ambalo ni zima. Ukimaliza kusoma, kama unataka kunisemesha, njoo. Kama hutaki, nitabeba begi mpaka stendi na tutazungumza habari za barabara.

Kitu cha mwisho. Wale wanawake kumi na wawili karibu wote wamekuzidi umri, na wawili wao wana wajukuu. Ba Kasonde atakuwekea kiti mbele yao. Ninakujua: utatafuta pa kushukia mkekani, kwa sababu kwetu binti hakai juu ya wakubwa wake. Ni desturi nzuri, nimekulea nayo, na jioni kazi ikiisha shuka ukae nao chini, uwasalimie kama mama zako. Lakini asubuhi ile wakikuonyesha kiti, usigeuke nyuma kutazama nani anakuja kukikalia. Hakuna mwingine anayekuja.

Kaa.

Baba yako,
mshona nyavu, Kashikishi